Mkia wa Vilima Vitano

Tarehe 3 Machi

Mke mwenzangu, kabla hujasoma mbele, kaa chini nikugombeze. Mvua za mwaka jana zimekwisha, za mwaka huu zimeanza, na wewe hujakanyaga hapa. Mume mmoja, wake wawili, na wewe mke mdogo ndiye uliyemkimbia mzee! Ukipiga simu, “bibi, kazi zimenibana.” Kazi gani inayombana mtu mpaka miguu? Hata kuku akipotea wiki nzima hurudi kwao. Ungekuwa kuku wangu ningekwisha kukuchinja kwa hasira.

Uliniachia daftari ukasema, “Andika bibi, nitasoma nikija.” Haya, naandika. Shule mimi niliiona kwa nje, nikipita na kuni kichwani. Herufi nilizipata kwa babu yako, kwenye vibao vya njia ya vilima: yeye anachora, ananisomea, mimi nimeshika mkebe wa rangi. Kwa hiyo ukiona mwandiko wangu mkubwa kama tangazo la barabarani, usicheke. Ndiko nilikosomea.

Leo imenyesha mvua ya kwanza. Bati limepigwa mpaka babu yako akawa ananisemesha kwa mikono.

Tarehe 5 Machi

Mvua. Nimefua mashuka ya wageni, hayakauki, yananuka kama mbwa.

Tarehe 9 Machi

Kundi la kwanza limeondoka alfajiri, limerudi jioni. Watu wa mjini wanapenda vilima wakati wa mvua kwa sababu matope si wao wanaoyafua.

Wewe ulipanda ukiwa mdogo, ukabebwa nusu ya njia, kwa hiyo nakukumbusha. Wanatoka uani kwetu, wanapanda Kisogo, kisha Pacha Mkubwa na Pacha Mdogo, kisha Bega, kisha Kipara, ambacho kina miti kuliko vyote. Aliyekiita hivyo alikuwa na utani wake. Vyote ndani ya siku moja, chini ya miti, jua huwezi kuliona ila vipande vipande. Halafu wanashuka kwa barabara ya machimbo ya kokoto, wananikuta na birika.

Waongozaji ni wawili. Wa mbele ni kichwa, wa nyuma ni mkia. Kichwa anaweza kuwa mtoto, bora ajue njia. Mkia lazima awe mtu mzima, maana kazi yake ni moja: asipatikane mtu nyuma yake. Kwenye kila kilele kichwa anapaza sauti, “Mkia!” Mkia anajibu, “Nyuma yangu ni msitu tu!” Ndipo wanaondoka. Kuhesabu hakuna. Babu yako anasema ukihesabu watu kama mbuzi, watakuwa mbuzi.

Na mtu akibanwa na haja anaulaza mfuko wake katikati ya njia, anaingia kichakani. Mkia akiukuta mfuko anasimama, anageuza mgongo, anasubiri mwenyewe atoke. Mfuko haurukwi, haupitwi, hauguswi. Sheria hiyo aliitunga babu yako kabla baba yako hajaota meno, na vibao vyake viko pale mwanzo wa njia mpaka leo.

Mkia ni babu yako kama siku zote; kichwa mwaka huu ni yule msichana wanayemwita Swala. Miguu mirefu, maneno mafupi, anatafuna chingamu usiku na mchana. Simpendi. Nimekwambia tu ujue.

Tarehe 14 Machi

Babu yako amelinoa panga asubuhi. Amelinoa mchana. Jioni nimemkuta anaitafuta tupa alinoe. Nikamwambia, “Mzee wangu, hilo panga utalimaliza ubaki na mpini.” Akasema panga la mvua huingia kutu upesi. Sawa. Lake hilo.

Tarehe 17 Machi

Mvua. Wageni hawakuja. Nimekula maharage mpaka nimechoka nayo.

Tarehe 22 Machi

Leo hapakuwa na kundi. Nimeamka nimemkuta kakaa kwenye benchi la barazani, koti la mvua limefungwa vifungo mpaka kidevuni, filimbi shingoni, anatazama geti.

“Unakwenda wapi?”

“Wageni wanachelewa leo.”

“Wageni gani? Leo hakuna mtu.”

Akanitazama kidogo, kisha akacheka. “Nilikuwa nakujaribu, mama watoto. Nione kama bado una akili.”

Nikacheka na mimi. Nilicheka kwa kuwa yeye alicheka.

Tarehe 28 Machi

Swala amekuja jikoni, ametoa chingamu mdomoni, jambo ambalo halijawahi kutokea.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba. Sukari ipo mezani.”

“Sikufuata sukari. Bibi, jana pale Bega mzee aliniuliza kilima kinachofuata ni kipi.”

“Alikuwa anakujaribu.”

“Aliniuliza mara mbili.”

“Basi mara ya kwanza ulijibu vibaya!”

Angeondoka hapo tungebaki salama, lakini akaongeza: “Bibi, mimi nadhani mzee apumzike kidogo. Mvua hizi zipite.”

Mke mwenzangu, unanijua. Nilimtoa jikoni kwa mwiko. Nikamwambia, “Wewe kichwa hujakomaa, tayari unataka kuota mkia! Nafasi ya mume wangu inakuwasha? Subiri afe kwanza!” Nilisema hivyo, tena kwa sauti ambayo watu wa machimbo waliisikia. Alisema “Samahani bibi,” akaenda zake mvuani bila koti.

Tarehe 2 Aprili

Mvua siku nne mfululizo. Udongo wa nyuma ya choo umeteremka.

Baba yako amepiga simu. Nikamwambia babu yako anasahausahau. Akasema, “Mama, hata mimi nasahau funguo.” Nikafurahi kusikia hivyo. Mtu akitaka kudanganywa hata simu humsaidia.

Tarehe 6 Aprili

Ametia chumvi kwenye chai ya wageni. Nimesema ni mimi.

Tarehe 12 Aprili

Jana sikuandika. Leo nitaandika mpaka mkono unione adui.

Kundi la jana lilikuwa la wafanyakazi wa duka la dawa. Kati yao kulikuwa na mama mmoja, keshia wao, mnene wa kiasi, mcheshi, anacheka kabla hujamaliza kusema. Asubuhi alinivuta pembeni akaninong'oneza, “Shangazi, huko juu choo kipo?” Nikamwambia, “Choo ni msitu wote, mwanangu. Wewe laza mfuko wako njiani, ingia zako. Mkia atakusubiri hata ukiamua kulala.” Tukacheka sote wawili. Ni mimi niliyemwambia, kwa kinywa changu hiki.

Jioni wakarudi. Mvua ilikuwa ya kumwagika, si ya kunyesha. Waliingia mmoja mmoja, wamelowa, wanapigana vikumbo kugombania moto. Babu yako akaja wa mwisho kama kawaida yake, anaimba. Mgongoni mfuko wake. Kifuani mfuko mwingine, wa kijani.

Akauweka juu ya benchi, akasema kwa furaha kabisa, “Kuna mtu kasahau mfuko wake pale kati ya Pacha wawili. Siku hizi watu watasahau hata vichwa.”

Watu wakacheka. Mimi nikaliweka birika chini.

“Mzee wangu, mfuko huo ulikuwa wapi?”

“Njiani. Katikati kabisa. Ningeuacha ulowe?”

Swala alikuwa anavua viatu mlangoni. Akainua kichwa. Akautazama mfuko, akanitazama mimi. Hakumfokea. Laiti angemfokea! Alimwendea taratibu, akachuchumaa mbele yake kama mtu anayemwamsha mtoto.

“Mzee, kule juu ya Pacha Mdogo nilipoita, ulinijibu nini?”

“Nyuma yangu ni msitu tu.”

“Na kweli ulikuwa msitu tu?”

“Msitu na mvua,” akasema babu yako, akaniomba sukari.

Wale wa duka la dawa, kila mmoja akidhani yule mama yuko na mwingine, ndipo walipoanza kutazamana. Mmoja akaita jina la yule mama. Akaita tena. Binti mmoja akaanza kulia. Swala tayari alikuwa amerudisha miguu ndani ya viatu. Alichukua kamba na tochi, akawapitia vijana wawili wa machimbo, wakarudi vilimani. Hakunywa hata maji.

Wamerudi leo asubuhi. Yule mama wamembeba kwenye machela ya miti na makoti ya mvua. Kifundo cha mguu kimevunjika, midomo ni ya buluu, lakini yu hai, tena anasema. Nilimvua nguo mimi, nikamsugua mwili kwa taulo la moto mpaka gari la hospitali lilipofika. Huku namsugua ananieleza, na kila neno ni mwiba.

“Shangazi, nilitoka kichakani, mfuko haupo. Nikajiambia nimetokea njia siyo. Maana mlisema mfuko hauguswi. Basi nikarudi kichakani kuitafuta njia yenye mfuko.”

Umeelewa, mke mwenzangu? Angekuwa mjinga asiyejua sheria yetu, angefuata njia ile ile akawakuta mbele. Kwa kuwa alitusikiliza, kwa kuwa alituamini, aliiacha njia iliyo sahihi chini ya miguu yake akaingia msituni. Akatembea mpaka akateleza gengeni. Alilala kwenye mkondo wa maji ameshikilia mzizi.

Gari lilipoondoka, babu yako akatoka chumbani, amelala vizuri, amenyoa. Akavitazama viatu vya Swala vimejaa tope.

“Huyu msichana ametoka wapi asubuhi yote hii?” akaniuliza.

Tarehe 13 Aprili

Mvua. Sina la kuandika.

Tarehe 14 Aprili

Tumeitwa ofisini kwa msimamizi wa vilima. Unaijua ofisi ile: meza yenye kioo, chini ya kioo picha za wageni wa zamani, feni isiyozunguka. Babu yako alivaa tai. Nilimfunga mimi, na alisimama kimya kama siku ya harusi yetu.

Msimamizi si mtu mbaya. Ni mtu anayetaka jambo liishe kabla ya chakula cha mchana. Akamwuliza Swala, “Wewe kichwa, uliita kileleni?”

“Niliita.”

“Mkia alijibu?”

Swala akatazama sakafu. “Mvua ilikuwa kubwa. Labda sikusikia vizuri.”

“Hukusikia, ukaondoa watu?”

“Ndiyo.”

“Kwa nini?”

“Nilikuwa na haraka.”

Mwongo! Aliisikia sauti ya babu yako kama ninavyoisikia mimi. Na babu yako alikaa pale pembeni na tai yake, anatikisa kichwa kwa masikitiko, kama anayesikiliza kesi ya watu wa mbali.

Msimamizi akasema Swala arudishe koti la kazi na filimbi, na Ijumaa atamwandikia barua ya kumwondoa. Kisha akampa babu yako mkono: “Pole sana mzee. Watoto wa siku hizi.”

Na mimi? Mimi mwenye mdomo ambao majirani huuazima wakiwa na ugomvi? Nilinyamaza. Nilimshika mume wangu mkono, tukarudi nyumbani chini ya mwavuli mmoja.

Tarehe 15 Aprili

Baba yako amepiga simu. Nilimweleza yote. Safari hii hakutaja funguo.

“Mama, nyamaza.”

“Msichana anafukuzwa kwa kosa lisilo lake.”

“Ni kijana, atapata kazi nyingine. Baba hana kingine. Ukimtoa mlimani umemzika. Wewe ndiye utakayemzika?”

Nikamwambia, “Wewe uko mbali, mwanangu, kuniachia jembe la kumzikia ni rahisi.” Nikakata simu. Lakini neno lake liliingia. Lilikaa.

Mchana nikaenda kwa Swala. Amepanga chumba nyuma ya fundi cherehani, unapita katikati ya vitambaa na watoto. Kitanda kimoja, jiko la mafuta, ndoo mbili, viatu vyake vimetundikwa miguu juu vikauke. Koti la kazi alikuwa ameshalifua, amelikunja, tayari kulirudisha. Huo unadhifu ndio ulionivunja. Nilikuwa nimekuja na ukali, ukanitoka.

“Shikamoo bibi. Karibu, kaa kitandani, kiti kimevunjika.”

“Marahaba. Kwa nini umesema uongo?”

Akatafuta chingamu mfukoni, hakuipata. “Bibi, mimi kwetu ni mbali. Nilipofika hapa nilikuwa naogopa hata popo. Mzee alinitembeza vile vilima msimu mzima bila mgeni hata mmoja, ananionyesha jiwe moja moja. Hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kitu bila kunitaka kitu. Sasa mimi nisimame nimwambie msimamizi, yule mzee akili imeanza kuondoka? Watasema naitaka nafasi yake.”

“Nani atasema?”

Akanitazama. Hakuhitaji kujibu, mke mwenzangu. Machimbo mazima yalisikia nani alisema.

Akaniambia, bila ubaya, “Tangu msimu uanze nimekuwa nikirudi nyuma, bibi. Kila baada ya kilima nawaambia wageni wapumzike, najifanya nafunga kamba za viatu, namsubiri mzee mpaka nimwone kwa macho. Siku ile mvua ilikuwa kali, wageni wanatetemeka. Nikaamini sauti. Siku moja tu.”

Na mimi nilikuwa nikiona kamba za viatu vyake hazifungwi sawasawa, nikasema jikoni, mtu mzima hajui kufunga viatu! Nilikaa kwenye kitanda chake nikalia kama mtoto aliyenyimwa. Yeye akanipikia uji. Uji wenyewe mbaya, una madonge. Nikaumaliza.

Tarehe 16 Aprili

Mvua imepungua. Nimemtazama babu yako siku nzima. Amekata nyasi za uani vizuri, mstari umenyooka. Amesimulia habari ya nyoka wa Kipara wakati wa chai, na wakati wa chakula, na wakati wa kulala. Mara zote tatu nyoka alikuwa mkubwa vile vile. Sikuweza kusema kwamba ni mzima, na sikuweza kusema kwamba hayupo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walisahau kusema kwamba kifo chenyewe kinaweza kumwumbua mtu mwingine, aliyekuja kutembea tu.

Tarehe 17 Aprili

Nimesema.

Nilimchukua babu yako twende naye. Siwezi kumsema mume wangu nyuma ya mgongo wake. Miaka yote hii nimemtukana usoni, sitaanza usengenyaji leo. Njiani nilimwambia, “Mzee wangu, nakwenda kusema jambo ambalo hutalipenda.” Akasema, “Lini umesema ninalopenda?” Tukacheka. Nilitamani njia iwe ndefu.

Msimamizi alikuwa na barua ya Swala mbele yake, na Swala mwenyewe yuko mlangoni na koti lililokunjwa. Sikukaa. Nikasema:

“Mwanangu, chana hiyo barua. Mkia alijibu. Huyu hapa ndiye aliyejibu, na alijibu vibaya. Mfuko ulikuwa njiani, akauokota. Yeye, aliyetunga sheria ya mfuko! Si uzembe, si utu mbaya. Mume wangu ana ugonjwa wa kusahau. Ulianza kabla ya mvua hizi na mimi nimekuwa nikiufunika, nikimwita binti huyu mchawi wa nafasi za watu. Ukimwondoa yeye ukamwacha huyu, msimu ujao tutabeba maiti.”

Msimamizi akamgeukia babu yako. “Mzee, ni kweli?”

Babu yako alisimama. Aliilegeza tai, akaivua kabisa, akaiweka juu ya kile kioo. Aliponitazama, mke mwenzangu, hakuwa anasahau kitu chochote. Alikuwepo mzima.

“Mama watoto,” akasema, “umenivua nguo mbele ya watoto.”

Akatoka. Nikataka kumfuata, Swala akanishika mkono. “Mimi nitamfuata, bibi. Wewe maliza.” Nikamwona dirishani, anatembea hatua kadhaa nyuma yake, kimya, mpaka walipopinda.

Msimamizi alichana barua. Swala atabaki kichwa. Mkia atatafutwa mwingine, mtu mzima, na kuanzia sasa watu watahesabiwa kila kilima. Nikasema ndiyo. Acha wawe mbuzi.

Tarehe 18 Aprili

Hasemi nami.

Tarehe 19 Aprili

Hasemi nami. Mvua.

Tarehe 20 Aprili

Chakula anakula, lakini anageuza kiti anipe mgongo. Nimemwambia mgongo wenyewe ninaujua, hakuna geni hapo. Hakucheka.

Tarehe 24 Aprili

Leo nimemwuliza, “Mzee wangu, utanikasirikia mpaka lini?”

“Nimekukasirikia kwa nini?”

“Hujui?”

“Sijui. Lakini umenifanyia jambo baya.”

Sababu imeondoka, hasira imebaki. Imekaa ndani yake kama mgeni ambaye wenyeji wake wamehama. Ningeweza kumwambia huna sababu, sahau. Nikashindwa. Nikamweleza upya, tangu mfuko wa kijani mpaka tai juu ya kioo. Akasikiliza. Akauliza, “Yule mama alipona?” Nikamwambia anapona, anatembea kwa mkongojo, ametuma salamu kwa mzee aliyekuwa akiimba. Akafunika uso kwa mikono yake miwili. Nikakaa naye hivyo.

Tarehe 25 Aprili

Ameniuliza tena. Nimemweleza tena. Amefunika uso tena, kama mara ya kwanza.

Tarehe 26 Aprili

Leo alipouliza nikamwambia nimevunja kikombe chako ukipendacho. Akasema, “Kikombe tu? Mwanamke, nilidhani kuna kubwa.” Akanisamehe. Usimwambie baba yako kwamba nasema uongo. Ataona anafanana na mimi.

Tarehe 4 Mei

Mvua inachoka. Makundi yanapita, Swala mbele, nyuma mwanamke mmoja aliyekuwa mpishi wa machimbo, sauti kama honi. Asubuhi kundi likiondoka babu yako husimama getini kuwaaga. Siku ya kwanza nilifunga mlango nisione. Sasa natoka, nasimama naye.

Jumapili, siku isiyo na wageni, Swala alikuja bila koti la kazi. “Shikamoo mzee. Nimekuja unitembeze Kisogo.” Wakapanda wawili. Nilikaa getini mpaka waliporudi. Babu yako kachoka, mashavu yamenawiri, ananieleza jiwe moja moja. Nikampa Swala pakiti nzima ya chingamu. Akaniuliza, “Bibi, unaumwa?”

Tarehe 11 Mei

Nimekosa kuandika. Hakuna jambo. Viazi vimezaa vizuri.

Tarehe 19 Mei

Njia imefungwa, msimu umekwisha, leo jua limewaka toka asubuhi na mashuka yamekauka kwa mara ya kwanza. Nikiwa nayakunja, babu yako akaniita kutoka barazani. Hakuniita mama watoto. Aliniita kwa jina la dada yake, yule aliyefariki kabla hujazaliwa wewe, kabla hajazaliwa baba yako.

Nilisimama na shuka mikononi. Mara ya kwanza sikuitika. Nilimwonea wivu marehemu, mke mwenzangu. Akaita tena, safari hii kwa woga, kama mtu anayeita ndani ya nyumba akaanza kudhani imehamwa. Nikasema, “Abee, kaka.” Nikaenda nikakaa naye. Akanieleza habari za mama yao, mambo ambayo miaka yote ya ndoa hakuwahi kunieleza. Jioni nikawa tena mama watoto, akaniuliza nilikuwa wapi mchana kutwa.

Sasa sikia vizuri. Ukija, na utakuja, usipokuja nitakufuata na fimbo, usisimame mlangoni ukamwuliza, “Babu, unanikumbuka?” Kila anayeingia humu anamwuliza hivyo, kama polisi. Wewe ingia, piga shikamoo, taja jina lako lote, kaa karibu naye, chukua kisu mmenye viazi. Ukitoka kuchota maji ukarudi, taja tena, usione haya. Na akikuita kwa jina la mtu mwingine, awe hai au awe maiti, itika.